KUOMBA MSAADA WA MASOMO: NI AIBU, NI HAKI, AU NI AMANA?

Miongoni mwa masuala yanayoletwa katika darsa yetu kila ukaribiapo mwisho wa mwaka, wakati vijana wa kidato cha nne wamo katika mtihani wao, liko moja ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini, kama kwamba lina fedheha ndani yake. Husema: Je, yafaa mtu mwenye hishima zake kumwachia mwanawe ajaze fomu za kuomba fedha za masomo kwa watu asiowajua wala wasiomjua? Je, huko si kuombaomba? Na vijana nao wana suala lao, nao huliuliza wazazi wakiwa mbali: Ikiwa fomu yataka aliye maskini, na mimi si maskini sana, kuna ubaya gani nikizidisha kidogo ili nipate?

Masuala haya mawili yaonekana kuwa mbalimbali, lakini shina lao ni moja. Mzazi hajui hasa ni kitu gani hicho anachokionea haya. Na kijana pia hakijui, ndiyo sababu hakionei haya hata kidogo. Basi yatupasa kwanza tukijue kitu chenyewe, kisha hukumu yake itafuata.

Kuombaomba kunakochukiza ni kule mtu kunyosha mkono apate asichokitolea jasho, akala leo, na kesho akarudi mlango ule ule. Msaada wa masomo hauko hivyo, nao watofautiana na kuombaomba kwa mambo matatu. La kwanza, mali ile imekwisha kutengwa na mwenyewe kwa kazi hiyo, awe ni Serikali, au chuo, au mtu aliyetoa sehemu ya mali yake. Kijana hamtoi mtu tonge mdomoni. Yuabisha mlango uliowekwa ili ubishwe, na asipobisha yeye atabisha mwengine. La pili, haupatikani kwa kulia tu. Una masharti, nayo ni alama za mtihani, na barua, na mashahidi, na kushindana na wengine, na hiyo ni kazi wala si kulialia. La tatu, mwisho wake ni kuondosha kuomba. Mwenye kuombaomba huzidi kuwa mwombaji kila siku, lakini aliyesomeshwa akahitimu hutarajiwa kuwa yeye ndiye mwenye kutoa.

Kwa hivyo twasema wazi: kuomba msaada wa masomo kwa njia yake si aibu. Tena khasa ile mali ya umma, kama basari za kaunti na za mfuko wa maendeleo ya maeneo ya ubunge ulioanzishwa mwaka 2003, hiyo ni kodi yetu sisi wenyewe. Muuza samaki wa Kibokoni amekwisha kuitoa katika kila kilo ya sukari aliyonunua. Mwanawe akiiomba haombi cha mtu.

Na tukitaka ushahidi katika historia yetu, hatuna haja ya kwenda mbali. Marehemu Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, hakufaulu vizuri katika mtihani wake wa Cambridge, wala hakuipata nafasi ya kwenda Makerere. Akafanya kazi katika ile Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Akasimama kuhutubia siku ya maulidi, na Gavana Philip Mitchell akamsikia, na hilo likawa sababu ya kupatiwa msaada wa kwenda kusoma Uingereza, akaanzia Huddersfield mwaka 1955, kisha Manchester, kisha Columbia, kisha Oxford. Lau angalijificha nyuma ya mlango kwa kuona haya ya alama zake, dunia isingalimjua. Kadhalika mwaka 1959 ndege moja iliwachukua vijana 81 kwenda Marekani kwa juhudi za Tom Mboya. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuandikia vyuo na kukubaliwa. Kilichowashinda ni nauli. Na mwaka uliofuata wakfu wa ukoo wa Kennedy ukatoa dola 100,000 kwa safari za wengine, na katika waliokwenda mwaka huo alikuwamo Wangari Maathai. Hatujasikia hata siku moja mtu akisema kwamba hao walikuwa ombaomba.

Lakini, ndugu msomaji, kama si aibu kuomba, ni aibu kuomba vibaya. Na kuomba vibaya kuna namna nyingi. Tutazitaja zilizoenea katika miji yetu.

Namna ya kwanza ni uvivu uliovaa nguo ya kutawakali. Kijana hukaa mpaka matokeo ya mtihani yatoke, ndipo aanze kuulizia, kisha akiambiwa muda umepita husema, "Haikuwa riziki yangu." Riziki gani hiyo isiyotafutwa? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Misaada hii ina majira yake kama pepo za kaskazi na kusi, na nahodha asiyejua majira hana haki ya kuilaumu bahari. Msaada wa Serikali ya Uturuki, mathalan, hufunguliwa kwa kawaida mwezi wa Januari na kufungwa Februari, nao hulipia karo, na makazi, na tiketi, na mwaka mzima wa kujifunza lugha. Vyuo vichache vya Marekani, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, hawatazami uwezo wa mwombaji katika kumkubali, hata awe mgeni, kisha humpa kwa kadiri ya haja yake. Lakini mlango wao mkuu hufungwa mwanzoni mwa Januari, wakati ambapo kijana wetu ndiyo kwanza yuatoka katika mtihani au yuangojea matokeo. Kwa hivyo mwenye kuitaka njia hiyo sharti aanze akiwa kidato cha tatu, au akubali kungojea mwaka mzima baada ya shule. Na wako wanaotaka elimu ya dini, nao wana Al-Azhar ya Cairo na Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina kilichoanzishwa mwaka 1961, na huko nako hapaingiwi kwa dua peke yake. Pana vyeti vya kutafsiriwa na kuthibitishwa.

Na vyeti ndivyo viwaangushavyo watoto wetu wengi wa pwani na wa kaskazini kuliko alama. Kijana amepita mtihani vizuri, lakini jina katika cheti cha kuzaliwa ni moja, katika cheti cha shule ni jengine, na kitambulisho hana. Twajua ya kwamba jamii zetu zimetaabishwa mno kwa kuhojiwa zaidi ya wengine katika kupata vitambulisho, mpaka Serikali ikatoa amri mwezi wa Februari 2025 ya kuyaondoa mahojiano hayo ya ziada. Dhulma ile tuliilalamikia na tulikuwa na haki. Lakini mzazi aliyemzaa mtoto hospitalini, akakaa miaka kumi na saba asiende kuchukua cheti chake, yeye naye amlalamikie nani?

Namna ya pili ya kuomba vibaya, nayo ndiyo kubwa, ni uwongo. Fomu huuliza: baba yuafanya kazi gani, nyumba ni ya nani, ndugu wangapi wako shuleni, nani alilipa karo ya sekondari. Basi utamwona mtu ana duka mbili na nyumba ya kupangisha, akaandika kwamba hana kazi. Mwengine baba yake yu hai na yuala naye sahani moja, akaandikwa kuwa ni yatima. Na ukimuuliza hukujibu kwa wepesi, "Sikumwibia mtu, sheikh. Hii ni karatasi tu."

Twamjibu: umemwibia mtu, ila hukumwona uso. Fedha zile zina mwisho. Wakiomba mia na zikawatosha thelathini, basi kila aliyeingia kwa uwongo amemtoa mmoja aliyekuwa yuaingia kwa kweli. Huyo aliyetolewa ana jina, na ana mama, na ana sanduku lake la bati aliloliweka tayari. Ila yuko kijiji chengine, nawe hutakutana naye. Mwizi wa kuku huonana na mwenye kuku mtaani, akaona haya. Lakini mwenye kuiba nafasi ya masomo haonani na aliyemwibia maisha yake yote, na ndiyo sababu dhulma hii ni nyepesi kwa nafsi, hata watu wa swala wakaifanya. Wepesi wake haupunguzi uzito wake. Kuku hulipwa kwa kuku. Miaka minne ya elimu italipwa kwa nini?

Atasema mwenye kusema: wakubwa wanazila fedha za umma kwa mamilioni, na basari hupewa watoto wa jamaa zao, mimi nikizidisha kidogo ili nami nipate, nimefanya nini kikubwa? Hoja hii twaisikia kila siku, nayo ni hoja mbovu. Kwani yule utakayemtoa si mkubwa aliyekula. Mkubwa amekwisha kula na kuondoka. Utakayemtoa ni maskini mwenzako aliyebaki katika safu akingojea makombo. Mnyonge akidhulumiwa, kisha akaenda kulipiza kwa mnyonge aliye chini yake, huyo hakuipinga dhulma, bali ameipokea na kuieneza.

Tena yako mambo ya dhiki ya kweli, wala hatupendi kuyapita kana kwamba hatukuyaona. Msichana mmoja ana baba mwenye mali, na baba amesema hatatoa hata senti moja kwa masomo ya mwanamke. Fomu yauliza mali ya baba. Akiandika kweli ataonekana tajiri, na akiandika uwongo atakuwa mwongo. Afanye nini? Rai yetu ni kwamba aandike kweli yote, si nusu yake: baba ana mali kadhaa, na amekataa kulipa, na mashahidi wa kukataa kwake ni fulani na fulani, kama mwalimu mkuu au mjomba. Haja yake ni haja ya kweli, kwani mali isiyomfikia si mali yake. Na sisi wazee wa mtaa ni juu yetu kusimama na msichana huyo na kutia sahihi zetu chini ya maneno yake, wala tusimwambie anyamaze asimfedheheshe babake. Aliyemfedhehesha ni baba mwenyewe.

Na liko jengine. Misaada mingi hutaka mwombaji aandike insha ya kueleza maisha yake, na vijana wamedhani kwamba anayelia zaidi ndiye atakayepewa, wakawa wanaitembeza dhiki ya nyumbani kwao kama bidhaa. Hapa twasema: kueleza hali yako ilivyo si kujidhalilisha, lakini kuipamba ni kujidhalilisha. Andika kwamba mama yako huuza mahamri alfajiri na kwamba wewe huzipiga hesabu zake, na ueleze ulilojifunza katika hesabu hizo. Hayo yana hishima kuliko kuandika kwamba hujapata kula siku tatu, ilhali umekula. Na anayesoma barua hizo huzisoma nyingi, na uwongo una harufu yake. Wala usimpe mtu fedha akuandikie, wala usiiachie mashine ya akili mnemba ikutungie maisha usiyoyaishi. Itakapokuja siku ya mahojiano utaulizwa habari za mtu ambaye humjui, na mtu huyo ni wewe mwenyewe.

Namna ya tatu hairejei kwa mwombaji, yarejea kwetu. Fomu nyingi za basari hapa Kenya hutaka sahihi ya chifu, na ya kiongozi wa dini, kushuhudia hali ya familia. Basi maimamu na masheikh huletewa fomu baada ya swala ya Ijumaa kwa makumi, na wako wanaozipiga muhuri zote bila ya kuzisoma, kwa kusema kwamba ni kuwasaidia Waislamu. Ndugu zangu maimamu, sahihi ile ni ushahidi. Kama hatukubali kushuhudia nikaha ya watu tusiowajua, vipi twashuhudia ufukara wa watu tusiowajua? Mimi huuliza mambo mawili tu: nyumba iko wapi, na nani jirani, kisha humtuma mtu aende akaone. Baadhi ya watu huudhika na kuniita mgumu. Wala sidhani kwamba huo ni ugumu. Muhuri unaopigwa kila karatasi hauna thamani hata kwa yule maskini wa kweli, kwa sababu afisa wa basari amekwisha kujua kwamba msikiti fulani haumkatalii mtu, na kwa hivyo hausadiki tena. Tumemdhuru yule yule tuliyedhani twamsaidia.

Namna ya nne ni kuficha habari. Tangazo la msaada limemfikia mtu katika simu yake, naye akalikalia kimya wiki mbili mpaka mpwa wake amekwisha kuomba, ndipo akalitoa siku moja kabla ya kufungwa, apate kusifiwa kwamba ametangaza. Hii ni khiyana. Elimu haipungui kwa kugawanywa, na habari ya elimu ni sehemu ya elimu. Mtoto wa mwalimu na mtoto wa karani hupata habari hizi nyumbani kwao wakila chakula cha usiku, lakini mtoto wa mvuvi wa Faza atazipata wapi, kama si kwa ubao wa msikiti na ubao wa shule? Hapo ndipo tunaposhindwa na wenzetu, wala si kwa akili. Basi twapendekeza kila msikiti wenye madrasa uwe na ubao mmoja na mtu mmoja mwenye amana, aandike jina la msaada, na masharti yake, na siku ya mwisho, na kwamba ni bure.

Hilo neno "bure" tumelitaja makusudi, kwani wamezuka mawakala wanaowaambia wazazi watume shilingi elfu kadhaa za "kushughulikia fomu" ili mtoto apate nafasi ng'ambo, na fedha zikifika, simu haipokewi tena. Yako malipo ya haki yajulikanayo, kama ya mtihani au ya pasipoti, nayo hulipwa kwa wenyewe na hupewa risiti. Lakini mwenye kukuahidi kwamba utapata msaada hakika, kwa sharti umlipe kwanza, huyo hana msaada wa kukupa. Mali aliyonayo ni ile aliyoipata kwako.

Iko mikopo pia. Bodi ya mikopo ya elimu ya juu, yaani HELB, iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1995, imewasomesha maelfu kwa maelfu, ila mkopo wake kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza una ziada ya asilimia 4 kwa mwaka, na wako vijana wetu waliouepuka kwa sababu hiyo. Suala hilo lina mlango wake peke yake na hatutaliingia leo. Twasema tu kwamba mwenye kuuepuka mkopo kwa ajili ya dini yake ana wajibu maradufu wa kuutafuta msaada usiorejeshwa, na mapema. Kuukataa mlango mmoja kisha ukalala chini ya ukuta hakumfikishi mtu popote.

Sasa tumefika kwenye neno la tatu katika anwani yetu. Msaada wa masomo si aibu. Ni haki kwa mwenye sifa zake. Lakini ukishatiwa mkononi huwa ni amana. Na amana hairejeshwi kwa kumwinamia aliyetoa, wala kwa kumsifu katika mikutano yake. Benki ya Maendeleo ya Kiislamu ilipoanzisha mpango wake wa kuwasomesha vijana wa jamii za Kiislamu katika nchi zisizo wanachama, mwaka 1983, iliuweka kwa namna nzuri: fedha zile zilikuwa ni zawadi kwa jamii, lakini kwa mwanafunzi zilikuwa ni mkopo usio na riba, ambao akihitimu na kupata kazi huurejesha katika mfuko wa jamii yake, ukasomeshe mwengine. Twaiona hekima kubwa katika mpango huu. Msaada haukumalizikia kwa mtu mmoja, na mwanafunzi hakubaki chini ya mkono wa mtoaji. Deni lake ni kwa kijana ajaye nyuma yake.

Basi hata yule aliyepewa bila ya sharti hilo, na ajiwekee sharti hilo yeye mwenyewe. Kwanza amalize alichokianza, kwani kuacha masomo kwa uzembe ni kuiua nafasi ambayo mwengine aliililia. Kisha akipata, asomeshe mmoja, au alipie cheti cha mmoja, au hata akae saa moja na kijana wa kidato cha tatu amwonyeshe namna ya kujaza fomu. Wala asidharau hili la mwisho, kwa sababu wengi hawakuzuiwa na umaskini wala na ujinga. Walizuiwa na ukurasa mmoja wa karatasi ambao hapakuwa na mtu wa kuwaeleza maana yake.

Na wewe mzazi unayeona haya, zitoe haya zako mahali usipopaswa kuziweka, uziweke mahali pake. Usione haya mwanao kuomba. Ona haya akiomba kwa uwongo, na ona haya zaidi ikiwa wewe ndiwe uliyemsomea uwongo huo akauandika. Siku ile anayojaza fomu na kukuuliza, "Baba, hapa niandike nini?", hiyo ni darsa, nawe ndiwe mwalimu. Ukimwambia, "Andika kweli," huenda akaukosa msaada mwaka huu, ataomba tena mwakani. Ukimwambia, "Andika tutakavyopewa," huenda akaupata, akaenda chuo, akarudi na shahada, akapewa kazi katika ofisi inayogawanya basari. Hapo ndipo atakapowatendea watoto wa wenziwe lile ulilomfunza.

Wabillahi tawfiq.